Mwamba Kando ya Kaburi la Mama

Jumanne asubuhi nilikuwa napiga pasi kanzu zetu za kanisani, baba mdogo Mphikeleli akaingia bila kubisha hodi, akavua kofia. Nikajua. Alisema baba alikuwa mtoni na wageni wake wanaochunguza miamba, akawaambia watangulie, yeye apumzike kidogo. Waliporudi walimkuta ameegemea jiwe, fimbo iko mapajani, amekwisha kata roho. Nilichomoa pasi, nikakaa sakafuni. Machozi hayakuja mpaka jioni.

Baba yetu, Mbhekeni Lukhele, hakusoma kupita darasa la nne, ila kwa miaka thelathini na moja aliwaongoza wataalamu katika vilima vya hapa Tjakastad. Huja kutafuta mawe yaliyopewa jina la mto wetu, Komati. Ukiyatazama kwa karibu yana mistari mirefu, kama majani makavu yaliyomwagwa ovyo. Baba alieleza kwamba hapo kale, maelfu ya mamilioni ya miaka iliyopita, tumbo la dunia lilikuwa na moto mkali kuliko sasa, na mawe yaliyoyeyuka yalitiririka juu ya ardhi kama maji. Tangu hapo dunia imepoa. Volkano za leo hazina tena moto wa namna ile.

"Kaka, wewe ulikuwepo ukiipima dunia homa?" baba mdogo alimtania siku moja.

"Nikikuta sufuria yako imeungua," baba akajibu, "mpaka niwe nimekuona ukipika ndipo nijue?"

Kanisani wapo walionung'unikia hesabu hizo za miaka. Yeye alisema Mungu hakuwa na haraka, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele.

Jambo moja aliniomba mimi, mzaliwa wake wa kwanza: azikwe ubavuni mwa kaburi la mama, LaMagagula, nyuma ya zizi. Nikamwahidi.

Ijumaa wachimba kaburi walifika kina cha kiuno, wakagonga mwamba. Walipokezana sururu hadi adhuhuri, likatoka vumbi la kijani tu. Baba mdogo akaniletea kipande jikoni. Kilikuwa na ile mistari.

Binamu yangu Mancoba, anayefanya kazi mgodini, alisema angeweza kuazima mashine ya kuvunjia miamba. Nikamuuliza kama kaburi la mama lingetikisika. Akatazama viatu vyake.

"Litatikisika, dada. Huenda likabomoka."

Wote wakaningoja mimi. Niliingia chumbani nikapiga magoti. Nilipotoka niliwaambia, "Mwacheni mama alale. Chimbeni penye udongo."

"Na ahadi yako kwa kaka?" baba mdogo akauliza taratibu.

"Nitamjibu mwenyewe, baba mdogo, siku tutakapoonana."

Udongo laini ulipatikana hatua kumi na tisa kutoka kwa mama, karibu na shamba la mahindi.

Tulimzika Jumamosi alfajiri. Mchungaji alisoma, tukaimba, jeneza likashushwa na mkeka wake wa kulalia ukatandazwa juu. Kila mmoja alitupa udongo kidogo. Zamu yangu ilipofika nilimwambia, "Nisamehe, baba. Mwamba ulikataa." Wanaume wakafukia, wakapanga mawe juu yake. Tulinawa mikono langoni, tukaingia ndani kula.