Alergie: Hakuna

Siwezi kutulia ndugu yangu akiwa uzazini. Siku ile shemeji alinipigia simu kwamba wamemleta dada yangu mkubwa kutoka Nyakabere, uchungu umemshika vibaya, nami nikafungua kompyuta pale nyumbani Songo nione kama materinite, hospitali ya uzazi, imeshampokea. Programu yao ya kuandikisha wagonjwa, iliyoandikwa kwa Python, ndiyo kazi yangu. Niliirithi kwa mwenzangu aliyehamia Bujumbura.

Walikuwa wamempokea. Mbele ya neno alergie, yaani dawa zinazomdhuru, paliandikwa: hakuna.

Uongo mtupu! Tulipokuwa watoto, sindano ya penisilini ilimvimbisha uso na koo mpaka mama akaanza kulia msiba. Nikafungua ile klasi, sehemu ya programu inayomuunda kila mgonjwa mpya: __init__(self, jina, umri, alergie="hakuna"). Usipoijaza alergie, programu inakujazia yenyewe. Na kwetu mke akifikishwa uzazini, mama mkwe ndiye anayeongea na wauguzi, mke mwenyewe ananyamaza. Mama mkwe atajuaje mambo ya utotoni?

Nilipiga simu materinite, wapi, haikupokelewa. Nikabeba kompyuta, nikarukia pikipiki, nikamgombeza dereva kila alipopunguza mwendo sokoni. Maskini, hakuwa na kosa lolote.

Nilikuta muuguzi ameshavuta penisilini kwenye sindano.

"Mama, usimuchome. Penisilini itamuua."

Akanionyesha kompyuta. "Hapa iko hakuna."

"Hamukumuuliza. Programu ilijijibu."

Mama mkwe akasema kweli, hakuna aliyeuliza. Muuguzi akamwinamia dada, naye akatikisa kichwa kwa nguvu: penisilini, hapana. Wakambadilishia dawa. Mtoto alipozaliwa niliogopa hata kumbeba.

Sikuondoka. Palepale kwenye benchi niliifuta ile "hakuna", nikatia nyota (*) baada ya self, ili kila jibu lije na lebo yake, kama umri= au alergie=, na lisipotajwa moja programu igome.

Kesho yake muuguzi akanipigia kwa hasira: mashine yangu imegoma na foleni imejaa. Nikamwambia amuulize mgonjwa mwenyewe kuhusu alergie. Akasonya, akauliza. Nikasikia mama mmoja mtu mzima akianza kujibu kwamba mukamwana wake hana shida yoyote, kisha sauti ya chini ikamkatiza.

"Miye najua. Dawa ya kinine inaniangushaka."