Sufuria Iliyompoteza Bwana Harusi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa fagio, dekio na onyo. Ghala lilikuwa Kihonda, la mchele wa Dakawa, na kazi yangu ilikuwa sakafu. Msimamizi wa zamu aliniambia, "Mama, ukiona gari halina dereva, pisha. Usilisemeshe."

Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Gari lilikuja peke yake na magunia, taa zinawaka, mwendo wa taratibu, watu wote wanajitenga lipite. Tuliliita Bwana Harusi.

Linajuaje lilipo? Injinia wa mitambo alisema kichwani lina leza, mwali usioonekana, unaozunguka na kupiga vibao vya kung'aa vilivyobandikwa kwenye nguzo. Mwali ukirudi, gari linapima lilivyo mbali na kila kibao, linajua limesimama wapi. Nilimwambia nimeelewa. Sikuelewa. Hata leo nikiwaeleza ninyi naona kama nadanganya.

Mwaka wa pili Bwana Harusi akaanza kupotea. Asubuhi anafika nguzo ya saba, anasimama, anapiga king'ora. Tukishakula mchana, mzima. Injinia alifungua, akafunga, akajikuna kichwa. Msimamizi akanigeukia mimi.

"Maji yako ya kudeki. Magurudumu yanateleza, gari linakosea hesabu ya mwendo. Ijumaa likipotea tena, tafuta kazi kwingine."

"Nadeki hivi tangu nimekuja, bosi."

"Basi umezeeka vibaya."

Siku tatu nilifuta sakafu kwa kitambaa kikavu, kwa magoti. Likapotea vilevile.

Alhamisi mchana nilitungua sufuria yangu ya chakula kwenye msumari wa nguzo ya saba. Naitundika kwa sababu ya sisimizi. Nilikuwa nimeanza kuitumia mwezi uleule gari lilipoanza kupotea, baada ya bakuli langu la plastiki kupasuka. Na sisi wa Matombo sufuria tunaisugua kwa mchanga na majivu mpaka uone meno yako. Nimeitungua tu, Bwana Harusi akaondoka. Nikaitundika, akasimama. Nikaitungua, akaondoka.

Nikaipeleka ofisini, nikaiweka mezani. "Mchawi wenu huyu hapa."

Injinia alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, limedhani sufuria yako ni kibao!"

Msimamizi hakucheka. "Si ungeificha tu, ukanyamaza?"

"Ningenyamaza, mngebaki mnasema sijui kudeki."

Kesho yake tuliwekewa kabati la vyombo. Neno la samahani sijalipata mpaka leo.

Sasa nimestaafu, niko Matombo. Juzi nimetoka misa, nashika njia ileile ya miaka yote. Jirani kakata mfenesi wake, kaezeka bati jipya, jua linapiga, linawaka. Nikasimama njia panda, sijui kushoto wala kulia.

Dada mmoja aliyebeba ndizi akapita. "Shikamoo, bibi. Umepotea?"

"Marahaba. Sijapotea. Kuna mtu katundika sufuria."