Jiwe la Kusagia Wino

Kidole changu cha shahada hakinyooki. Madam, mwajiri wangu, alikivunja nyumbani kwake Aziziya, Jeddah, nilikokuwa mtumishi wa ndani, siku nne kabla ya safari yangu ya kurudi Mombasa kumwona mama, aliyekuwa mahututi.

Alikuwa akijifunza kuchora maua kwa wino mweusi, mtindo wa Kichina. Mimi ndiye niliyemsagia wino. Natia matone ya maji juu ya jiwe, nasugua kijiti cha wino mkavu mpaka mkono ufe ganzi. Wino ukiwa mwepesi, kofi. Ukiwa mzito, ananidunga mgongoni kwa mpini wa brashi. Karatasi ile ya kuchorea haifutiki, na kila tone lililoanguka lilikuwa kosa langu.

Siku hiyo alichora okidi: majani mawili, ua moja, basi. Sehemu kubwa ya karatasi ikabaki nyeupe. Nikadhani msanii wetu amekata tamaa. Akasema, "Halas," akaenda kuoga.

Katika nyumba ile halas, yaani imekwisha, nilikuwa nikiisikia mezani tu. Chakula halas, ondoa. Chai halas, ondoa. Nikaikunja karatasi, nikaitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya vitunguu. Kumbe picha ilikuwa imekamilika, na kesho yake ilikuwa ipelekwe Riyadh kwenye maonyesho.

"Iko wapi?"

"Madam, si ulisema halas?"

Alipoiona ndooni alinyakua jiwe. Pigo la kwanza lilitua kidoleni, nikasikia mfupa ukivunjika. La pili nilimdaka mkono, nikampokonya jiwe, nikambamiza ukutani. Wino ulimchuruzika shingoni. Viza ya kutoka nchini ilikuwa tayari, lakini pasipoti alikuwa ameifungia kabatini mwake.

"Toa pasipoti!" nilimwambia, jiwe nimelielekeza kwenye paji la uso wake.

"Yalla, chukua! Chukua!"

Alifungua kabati, akaitoa. Nilijificha kwa Wakenya wenzangu mtaa wa Al-Mahjar hadi siku ya ndege, nikishtuka kila mlango ulipogongwa.

Nilimkuta mama angali hai. Alikishika kidole changu, akauliza, "Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

"Mlango, mama."

Akakipaka mafuta ya nazi, taratibu, mpaka usingizi ukamchukua. Sikumwambia kwamba nusura niue mtu ili nije nikae pale kitandani kwake. Wala sikumwambia kwamba Madam angekataa, ningeua.