Estella wa Clairwood na Kibao cha Mkwewe

Estella alizaliwa mwaka 1953 katika mkoa wa Fujian, China, katika ukoo wa Hou uliokuwa wa Kikatoliki tangu enzi za babu zake. Nyumbani kwao walisali rozari, kisha wakainama mara tatu mbele ya picha za marehemu. Zamani Kanisa liliwakataza Wachina heshima hiyo, na wengi wakabaki nje ya mlango kwa uchungu. Mwaka 1939 likairuhusu. Mwacha asili ni mtumwa, na Injili haikuja kumfundisha mtu kumsahau mzazi wake, jamani!

Alifika Durban mwaka 1996 na mumewe, wakafungua duka la mablanketi mtaa wa Clairwood. Jumapili alisali nasi Cato Manor, Wakongo na Wakenya, akajifunza Kiswahili chetu pamoja na Kifaransa chote kilichochanganyika humo. Na "eish", mguno wa watu wa Afrika Kusini, aliisema kutushinda.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 2019. Mama mkwe wake, Bibi Guan, aliyeishi naye Durban na hakuwa Mkristo, aliugua ugonjwa wa kufa, akaomba ubatizo. Lakini ukutani kwake kulikuwa na kibao cha mbao chenye jina la marehemu mumewe, ambacho Wachina hukiinamia kumheshimu marehemu. Katekista wetu Barthélemy, mtu wa msimamo mkali, akakataa kumwita padri.

"Maman Estella, kile kibao kitoke kwanza. Yesu hakai na mizimu."

Estella akamfasiria mgonjwa. Bibi akalia. "Basi nife hivi hivi. Mume wangu simtupi."

Estella hakupandisha sauti. "Papa Barthélemy, picha ya baba yako iko wapi?"

Katekista akainamisha kichwa. "Iko ndani ya valise, chini ya nguo. Alikufa bila ubatizo."

"Kwani anayemwonea aibu ni Yesu, ao ni wewe?"

Barthélemy alilia machozi, kisha akampigia padri simu. Bibi Guan alibatizwa kibao kikiwa mahali pake, akafariki kesho yake kwa amani. Mazishini, aliyetangulia kuinama mara tatu alikuwa Barthélemy.

Estella mwenyewe aliitwa na Bwana Julai 2023. Kutangaza watakatifu ni kazi ya Kanisa; sisi tunasimulia tuliyoyaona. Tulimwona mwenzetu Immaculée akipatana na dada yake mbele ya picha ya Estella, nao walikuwa hawasalimiani tangu Kongo. Wabishi waje waulize!

Basi, mwamini, mwige mama huyu: usimfungie mtu mlango kwa sababu ya wafu anaowapenda. Na ukipita kwa Barthélemy, karibu ndani. Picha ya baba yake iko sebuleni, chini ya msalaba, na maua hayakauki.