Upande wa Kushoto wa Seth Ormerod

Shemeji yangu Seth Ormerod alikuwa kipa wa Harrowclough kwa misimu saba, na mingi kati ya hiyo alidaka kwa jicho moja. Watu wa mji wetu hawakulijua hilo. Walipoambiwa hawakuamini, na mpaka leo ukiwatajia jina lake watakwambia ni yule aliyeuza mechi.

Niliishi nyumbani kwake tangu alipomuoa dada yangu Zillah. Mimi na dada tulikuwa wafumaji katika kiwanda cha pamba cha Bwana Duckworth, ambaye ndiye pia alikuwa mwenyekiti wa klabu. Seth alitoka machimbo ya mawe: mtu mrefu, viganja kama makoleo, mpole mpaka anakera. Klabu ilipomchukua Seth, mama yetu alifurahi, akasema mpira ukimwangukia mtu kichwani angalau haumuui.

Jicho liliharibika Desemba moja ya mvua. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi nene, umefungwa kwa kamba kama kiatu, na ukilowa ulikuwa mzito kama mfuko wa unga. Mshambuliaji aliupiga kwa karibu, na ile kamba ikampata Seth kwenye jicho la kushoto. Alimaliza mechi hivyohivyo. Uvimbe ulipoisha, jicho lilibaki zuri kulitazama, la buluu kama mwenzake, lakini lilikuwa halioni ila ukungu. Alimwambia Zillah, Zillah akaniambia mimi, tukafunga midomo. Kipa chongo angefukuzwa siku hiyohiyo.

Enoch Haworth aligundua mwenyewe. Alikuwa beki wa kushoto, mtu mfupi, mcheshi, aliyekula kwetu kila Jumapili baada ya ibada kama mtu wa nyumbani. Siku moja mezani alimrushia Seth kipande cha mkate kwa utani. Kikampiga shavuni, na Seth hakupepesa hata kope.

"Wewe," Enoch akasema, "tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mjinga, Seth. Hilo jicho."

Seth akaweka uma chini. "Ukisema, nimekwisha."

"Nimwambie nani? Duckworth? Hata salamu yangu haitikii." Enoch akajiongezea viazi. "Upande huo niachie mimi. Atakayetaka kupita kushoto kwako itabidi anizike kwanza. Zillah, hii pai imekosa chumvi."

"Ya kwenu ina chumvi, nenda ukaile," dada akamjibu, na tukacheka wote, hata Seth.

Na kweli alimlinda. Mpira ukitoka upande ule, Enoch alipiga kelele "Chini!" au "Juu!" na Seth alijitupa kwa kufuata sauti. Akichelewa, Enoch mwenyewe alikuwa golini, anauzuia kwa kifua, kwa goti, kwa uso. Magazeti yakamwandika Seth kuwa ukuta wa Harrowclough. Enoch hakuandikwa. Alikuwa akizisoma zile habari kwa sauti mezani kwetu, akiigiza lafudhi ya mabwana, na sisi tulicheka. Nilipomwangalia vizuri, yeye alikuwa hacheki.

Kisha Bwana Duckworth akamuuza Enoch. Aliona kwamba mwenye kipa kama Seth anaweza kumweka beki yeyote pale mbele. Enoch hakuulizwa, siku zile mchezaji alihamishwa kama farasi. Akaenda Calderby, ng'ambo ya vilima, na jioni ya kuaga alimkumbatia Seth mlangoni kwetu.

"Mwambieni huyo beki mpya apige kelele sana," alisema.

"Na wewe utakaa kimya?" Seth akauliza.

"Ndugu yangu. Unaniuliza mimi hilo?"

Beki mpya alikuwa kijana mwenye mbio aliyependa kwenda mbele, na Seth hakuthubutu kumweleza kwa nini alitaka abaki nyuma. Mabao yakaanza kuingia. Mwanzoni mashabiki walimtania. "Ormerod, amka, chai imeshaiva!" Baadaye utani ukaisha, wakawa wanamtazama tu na kunong'onezana.

Mwezi wa Machi Calderby walikuja kucheza kwetu. Mimi na Zillah tulisimama kando ya uwanja, karibu na kona, pamoja na wanawake wengine wa kiwandani. Katika ukumbi wa kufumia mashine zilinguruma hata ukipigiwa kelele sikioni husikii, kwa hiyo sisi tulizoea kusomana midomo. Mfumaji mzoefu husoma maneno ya mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Mechi ilipokuwa bado haina bao, mpira ulitoka nje upande ule tuliokuwapo. Enoch akamwita winga wake na mshambuliaji wa kati, akasema nao akiwa ameuelekeza uso wake kwetu. Alisema: "Pigeni kushoto kwake. Chini, kushoto. Lile jicho halioni kitu."

Zillah alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Labda tumekosea, Tamar."

"Hatujakosea, dada."

Yaliingia mabao matano, yote upande uleule. La mwisho halikuwa hata shuti. Mpira ulibingirika polepole kama unaotafuta njia, na Seth alikuwa ameinama kabisa upande mwingine akiusubiri. Uwanja ukanyamaza. Halafu mwanamume mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti tulivu, "Wamekupa kiasi gani, Seth?" Wenzake wakalidaka neno hilo, na lilipofika ng'ambo ya uwanja lilikuwa limegeuka wimbo. Mtu akarusha tope. Refa alipomaliza mechi, Enoch alikwenda kumpa Seth mkono, na Seth, na tope lake shingoni, akamtabasamia.

Nyumbani alioga, akakaa karibu na moto. "Enoch amenenepa," alisema. "Wanamlisha vizuri huko."

Zillah alikuwa akiosha vyombo na hakugeuka. Baadaye, tulipokuwa wawili, aliniambia, "Usimwambie. Jicho limekwenda, na jina linakwenda. Acha abaki na rafiki."

Nilinyamaza, kwa kuwa mume ni wake.

Wakuu wa soka wakamwita mjini ajibu shutuma za kuuza mechi. Seth alivaa suti yake ya arusi, akaenda na kusema ukweli wote. Daktari wao akalitazama jicho, akathibitisha kwamba limekufa; lakini limekufa lini, hilo hakuweza kulisema. Bwana mmoja akacheka. Kipa chongo, aliuliza, atasifiwaje na magazeti miaka yote hiyo?

"Enoch Haworth alinilinda," Seth akawaambia. "Muulizeni yeye."

Wakampeleka Seth chumba cha nje, wakamwita Enoch kutoka Calderby, na siku ya pili wakawasimamisha pamoja. Enoch alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Haworth, ulijua kwamba kipa wako haoni?"

"Hapana, bwana. Ningejua ningewaarifu viongozi."

Seth akafungiwa kucheza mpira maisha yake yote. Alirudi kwetu akatusimulia yote hayo huku amekaa palepale penye moto, bado na suti.

"Aliogopa tu," alisema. "Angekubali, wangemfungia na yeye, na ana watoto. Siwezi kumlaumu. Enoch si mtu wa..."

Zillah akaweka birika chini na kumwambia. Alimtajia neno kwa neno kama tulivyolisoma mdomoni mwa Enoch.

Seth akageuka kutoka motoni. "Ulilijua hili tangu Machi," alisema.

"Nililijua."

"Ungeniambia, nisingemtaja mbele yao. Ningetafuta mtu mwingine, hata wewe. Nimekwenda kumwomba huyo huyo anitetee."

"Nilitaka ubaki na mtu mmoja, Seth."

"Nilikuwa na mtu mmoja," alisema, akamtazama dada yangu, kisha akatoka uani.

Hakumpiga wala kumtukana, si siku ile wala baadaye. Lakini tangu hapo waliongea habari za makaa na mvua, na bei ya siagi. Machimbo hayakumtaka mtu chongo. Akapata kazi ya kufagia katika kiwanda cha kutia nguo rangi, ambako mvuke ulimwingia kifuani, na Jumamosi alizunguka njia ndefu ili asipite uwanjani. Alizikwa akiwa hajafika miaka arobaini. Zillah hakuvaa rangi nyingine tena ila nyeusi, na jina la Seth hakulitamka mbele yangu.

Enoch alimaliza mpira kwa heshima, akarudi Harrowclough na kufungua baa kwenye barabara yetu. Ilijaa kila jioni. Mume wangu, niliyeolewa naye baadaye, alikunywa huko mpaka nilipomkataza, na ndiye aliyenisimulia kwamba wateja walipenda kurudia kisa cha Ormerod aliyeuza mechi, huku mwenye baa akiwamiminia bia. Safari moja mzee mmoja alimuuliza, "Enoch, wewe si ulicheza naye? Ni kweli aliuza?"

"Mimi nilikuwa beki tu," Enoch alimjibu. "Ya kipa angeyajua kipa."

Wakacheka, wakaagiza nyingine.