Njia ya Mbuzi

Kijana aliyemposa dada yangu alisema kwao si mbali, ni kuvuka korongo. Shangazi alimtazama miguuni. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi alivyorudi navyo kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na katika milima yetu ya Mbebe, miaka ile ya Mwingereza, viatu peke yake vilitosha kumfanya mtu ashukiwe.

Kwetu binti hakuolewa mahali ambapo hakuna mtu wake aliyewahi kupaona. Shangazi ndiye aliyetangulia, akala chakula chao, kisha akarudi kusema ndiyo au hapana, na neno lake halikupingwa. Dada alimtaka kijana yule kwa moyo wote. Asubuhi ya safari alinishika mkono akaniambia, "Mchekeshe shangazi njiani, tafadhali."

Kijana alitupokea ukingoni, tukaanza kushuka. Hatua chache tu, tukaliacha jua kule juu ukingoni. Miti ilikuwa imeota ndevu za kijani, migomba mwitu ilitanda juu ya njia, na mto ambao bado hatukuuona ulitetema chini ya nyayo zetu kabla haujafika masikioni. Nilitembea nimeachama kinywa. Kila kona kijana alisimama.

"Mama, tazama pale."

Maporomoko yalining'inia kwenye genge la upande wa kwao, membamba, meupe, na upepo uliyatawanya kabla hayajagusa chini. Juu yake mbega waliruka, manyoya yao yakipepea mabegani.

"Nimeyaona. Twende."

"Wazungu hutoka mbali, Mama, wakaja kutembea humu na kutazama tu."

"Wewe umekuja kuposa au kuuza korongo? Tena usiniite Mama. Mama yako yuko kwake."

Nilicheka, shangazi akanifinya. "Huyu anatusimamisha kila kona," alininong'oneza. "Kuna kitu hataki tukione. Wewe tazama njia, achana na nyani."

Nikatazama njia. Tulipokuwa tunapanda upande wa pili, kijana alianza ghafla kusimulia habari za migodini kwa sauti kubwa, na hapo nikaona njia nyingine, nyeusi kwa kukanyagwa, ikiteremka wima hadi mtoni.

"Ile ya wapi?" aliuliza shangazi.

"Ya mbuzi tu."

Kwao palikuwa pazuri. Nyumba zilikaa kwenye bega la mlima, uwanja umefagiliwa, na mama yake alitupokea kwa vigelegele. Ikaletwa kata ya maji tunawe. Binti aliyetunawisha alimimina tone kwa tone, akakinga bakuli chini ya vidole vyetu, kisha akaenda kuwanywesha vifaranga maji yale yale. Shangazi alimfuata kwa macho. Mto ulinguruma chini yetu hata tukalazimika kupaza sauti, na maji ya kunawa yalikuwa yanadondoka.

Alikula ugali wa ulezi, akashukuru, akasimama.

"Mwenzangu, nipe mtungi nikachote maji."

"Mgeni hachoti maji!" mama yule alishtuka.

"Mgeni huyu anachota."

Alishuka na wanawake wa pale kwa njia ya mbuzi, nami nikiwa nyuma yao. Wakati wa kupanda walijishika kwenye mizizi kwa mkono mmoja, mwingine ukishikilia mtungi. Shangazi alifika juu na nusu mtungi, goti linavuja damu. Akautua mbele ya kijana.

"Mbuzi wenu hubeba mitungi?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Ningesema, mngenikatalia."

"Naam. Na yale maporomoko uliyoyasifia, yako juu ya nyumba hii au chini?"

"Juu."

"Basi chimba mfereji, uyalete mlangoni kwa mama yako. Halafu tutazungumza."

Masika hayajaisha, kijana akaja kwetu, mikono imechubuka, anang'aa kwa furaha. Maji yamefika. Dada alikimbilia ndani kuficha uso. Shangazi aliendelea kupepeta ulezi.

"Masika hata paa langu lina mto. Tungoje kiangazi."

Dada hakumsemesha tena shangazi hadi nyasi za mlimani zilipokauka. Ndipo tukarudi kule, mimi na shangazi. Mfereji ulikuwa na maji, lakini shangazi aliuchoma kingo kwa fimbo, akayanusa maji, akaniuliza pembeni kama haiwezekani wamejaza kwa mitungi alfajiri. Kisha akaniamuru nibaki mlangoni na mama wa kijana, yeye akapanda na kijana kuelekea juu ya maporomoko. Tulimwona akipotea msituni, akatokea kwenye genge, akapotea tena.

Tulingoja. Mama yule alichuchumaa karibu na mfereji, vidole majini, bila kupepesa macho. Hatimaye jani moja pana likaja likizunguka, likakwama vidoleni mwake.

Shangazi aliposhuka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Limefika?"

Nikampa jani.

"Nitajuaje kama ni lile nililolitupa kule juu?"

Aligeuza ukingo wake kwenye mwanga. Palikuwa na alama za meno. Alilipeleka kinywani, akazilinganisha na meno yake pale pale mbele ya watu wote, kisha akalitupa majini na kumgeukia mama wa kijana.

"Mkwe wangu, waulize wazee wako wanataka kuleta ng'ombe siku gani."