Siku Kogo Alipocheza

Juzi binti yangu alisherehekea siku ya kuzaliwa akirudia wimbo mmoja kwenye simu tangu asubuhi, nami nikakumbuka siku yangu nilipokuwa mtoto kule Kedowa. Baba alikuwa ameleta redio na kaseti moja tu. Nyumba ilinukia moshi na chapati, na wimbo ule ule ukapigwa mchana kutwa.

Nyanya yangu, Kogo, hatukuwa tumemwona akisimama tangu aanguke akichuma majani chai. Ghafla akasema, "Ongezeni sauti! Mtoto ni wetu na mimi nimekaa tu?"

Akainuka, akacheza hadi uani, mama akipiga vigelegele. Niliamini wimbo ndio uliomponya. Kumbe kila asubuhi, tukishaenda shule, Kogo alijifunza upya kutembea, ili siku yangu anishike mkono tucheze.